Kingo za majani zinaungua: ni potasiamu kweli? (nyanya, migomba, mahindi)

Jembe Halilali (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mara humu inapita picha ya jani la nyanya lililokauka pembeni, na jibu la kwanza ni "piga potasiamu". Wakati mwingine ni sawa. Mara nyingi mkulima anamwaga mfuko juu ya tatizo ambalo si la potasiamu, na tatizo la pili linazaliwa hapo hapo. Tuweke pamoja namna ya kutofautisha, viwango, na mahali watu wanapoharibu.

Potasiamu haijengi mwili wa mmea kama naitrojeni inavyojenga protini au kalsiamu inavyoshika kuta za seli. Inakaa ndani ya utomvu ikiwa imeyeyuka, na kazi zake zinatokana na hapo. Seli mbili zinazolinda kila kitundu cha hewa kwenye jani zinavuta potasiamu, maji yanaifuata, seli zinatuna na kitundu kinafunguka. Potasiamu ikitoka, seli zinalegea na kitundu kinajifunga. Mmea wenye upungufu unachelewa kufunga, ndiyo maana saa saba mchana umenyauka wakati wa jirani umesimama na unyevu wa udongo ni ule ule. Pia potasiamu ndiyo inayosaidia sukari itoke kwenye jani iende kwenye tunda, kiazi au punje. Na inaamsha vimeng'enya zaidi ya 60.

Kwa kuwa imeyeyuka, mmea unaihamisha utakavyo. Ikipungua, majani ya zamani yananyang'anywa ili machanga yapate. Hivyo dalili zinaanzia CHINI: ncha na kingo zinakuwa njano, kisha kahawia, kisha zinakauka kabisa, huku katikati karibu na mshipa mkuu pakibaki kijani. Naitrojeni, fosforasi na magnesiamu nazo zinahama, kwa hiyo nazo zinaanzia chini. Kalsiamu na boroni hazihami, shida yake inaonekana kwenye vichipukizi, majani machanga na matunda. Chuma, salfa na zinki pia tafuta juu.

Kwa hiyo kabla hujauliza rangi, uliza ni jani la chini au la juu. Picha ya jani moja lililochumwa na kuwekwa kiganjani haisaidii mtu. Piga mmea mzima.

---

MwanaUdongo

Safi mkuu. Niongezee yale yanayofanana, maana hapo ndipo watu wanapotea.

Magnesiamu: majani ya chini, lakini unjano uko KATI ya vishipa, vishipa vyenyewe vinabaki kijani, na mwanzoni ukingo wa jani nao ni kijani. Ni kinyume cha potasiamu, ambayo inaanzia ukingoni kuja ndani.

Naitrojeni: jani la chini linapauka lote. Kwenye mahindi unjano unaanzia nchani na kuteremka kufuata mshipa mkuu, umbo la V. Potasiamu kwenye mahindi inateremka na kingo na kuuacha mshipa mkuu kijani. Ukishazishika hizi mbili hutazichanganya tena.

Fosforasi: zambarau, mmea umedumaa. Ila mche wa mahindi ukipigwa na baridi wiki za mwanzo nao unakuwa zambarau hata kama fosforasi ipo, kwa sababu mizizi haifanyi kazi vizuri. Usikimbilie DAP (mbolea ya fosforasi na naitrojeni).

Zinki kwenye mahindi: mistari mipana myeupe karibu na kitako cha jani changa, pande zote mbili za mshipa.

Na kuna mambo yanayounguza kingo bila upungufu wowote:

Chumvi nyingi. Angalia pale maji ya tone yanapoishia kulowesha udongo; ukiona utando mweupe, hiyo ni chumvi. Ukiongeza potasiamu hapo unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Dawa iliyozidi kipimo au iliyopigwa jua kali. Hii inaunguza majani yaliyokuwa wazi siku ile, ya chini na ya juu, na majani yaliyoota baada ya hapo ni mazima.

Bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu. Ina madoa yenye duara ndani ya duara, popote kwenye jani, si mkanda wa ukingoni.

Halafu upo ugonjwa wa bakteria unaounguza kingo za nyanya hasa. Mara nyingi upande mmoja wa jani au wa mmea unanyauka kwanza. Pasua shina kwa urefu: ukiona mstari wa kahawia chini ya ganda, na matunda yana vidoa vyenye kiduara cheupe kama jicho la ndege, acha habari za mbolea. Ng'oa, toa nje ya shamba, na usipogoe mmea mwingine kwa kisu hicho hicho.

---

Mama Bustani

Nina swali la shamba lililopo sasa hivi. Nyanya ekari 1, udongo kichanga, umwagiliaji wa matone, mstari hadi mstari sm 90, shimo hadi shimo sm 50. Kupandia ilikuwa DAP, kukuzia CAN kilo 25 kila baada ya wiki mbili. Sasa ni wiki ya tisa tangu kuhamisha miche. Majani ya chini kingo zimeungua, katikati kijani. Matunda yanaiva vibaya, mabega yanabaki njano na magumu. Na baadhi yana kitako cheusi. Utando mweupe hakuna, shina nimepasua ni safi. Niweke nini na kiasi gani?

---

Jembe Halilali

Dada, hayo ni matatizo mawili ndani ya shamba moja, na ukikosea mpangilio, dawa ya la kwanza italizidisha la pili.

Majani na mabega ya njano ni potasiamu. DAP ni 18-46-0, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo, na ya mwisho ni sifuri. CAN ni naitrojeni, na kalsiamu kidogo isiyo na haraka. Tangu umepanda hujaweka hata gramu moja ya potasiamu, na kichanga hakina akiba. Naitrojeni umeisukuma, mmea umekuwa mkubwa, matunda yamekuja kudai.

Tuhesabu. Gramu 100 za nyanya mbichi zina potasiamu kama miligramu 237. Ukivuna tani 20, matunda peke yake yanaondoka na kilo 47 za potasiamu. Mifuko haiandikwi potasiamu tupu, inaandikwa K2O (oksidi ya potasiamu), kwa hiyo zidisha kwa 1.2: ni kilo 57 za K2O. SOP (salfeti ya potasiamu) ina asilimia 50, hivyo ni kilo 114 za SOP. Kwa MOP (kloridi ya potasiamu) yenye asilimia 60 ni kilo 95. Hapo sijagusa majani na shina. Udongo unachangia sehemu, ila kwenye kichanga usiutegemee sana.

Kwa nafasi zako una mimea kama 9,000. Gramu 3 za SOP kwa mmea kwa wiki ni kilo 27, wiki nne ni kilo 108. Nenda hivyo. Usimwage kilo 100 kwa mkupuo.

Kitako cheusi ni kalsiamu kutofika kwenye tunda. Angalia neno "kutofika". Kalsiamu inapanda na maji kufuata mahali yanapotolewa kama jasho. Jani linatoa jasho, tunda karibu halitoi, kwa hiyo maji yakipungua hata siku mbili tunda ndilo linalokosa. Uharibifu unatokea tunda likiwa dogo, takriban wiki mbili baada ya ua kufunguka, wewe unakuja kuuona baadaye. Nyanya ndefu za umbo la yai zinaathirika zaidi kuliko za mviringo.

Na potasiamu, ikimwagwa kwa wingi, inashindana na kalsiamu na magnesiamu kwenye mlango wa mzizi. Ndiyo sababu ya zile gramu 3.

---

Fundi Matone

Niweke ratiba ya Mama Bustani kwenye tangi, kwa sababu kwenye kuchanganya ndipo mipira inapoziba.

Kanuni isiyo na mjadala: mbolea yenye kalsiamu haikai tangi moja na yenye salfeti wala yenye fosfeti. Calcium nitrate ikikutana na SOP inatengeneza jasi, unga mweupe unaozama chini na kuziba vitundu. Ikikutana na MAP au MKP, ambazo ni mbolea za fosfeti, ni vivyo hivyo, fosfeti ya kalsiamu. Usiseme "nimekoroga imeyeyuka". Jaribu kwenye chupa ya maji ya uwazi kwa vipimo vile vile, iache nusu saa uangalie chini.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: SOP kilo 9 kila siku, pamoja na magnesium sulphate kilo 1. Hizi mbili zote ni salfeti, zinaelewana.
Jumanne na Jumamosi: calcium nitrate kilo 5 kila siku, peke yake.
Alhamisi na Jumapili: maji matupu.

CAN simamisha. Calcium nitrate kilo 10 kwa wiki inakupa naitrojeni kilo 1.5 hivi, karibu nusu ya uliyokuwa unatoa, na kwa mmea ulioanza kuivisha kwenye hali hii inatosha.

SOP ni ngumu kuyeyuka. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 haichukui zaidi ya gramu 110 hivi. Ndoo ya lita 20 usizidishe kilo 1.5, koroga, iache itulie, mimina ya juu kupitia kitambaa, mashapo yabaki. Chukua SOP ya kuyeyuka, yenye unga laini. Ile ya chenga ni ya kutia shimoni, kwenye matone itakutia hasara. Potassium nitrate inayeyuka vizuri zaidi, karibu mara tatu, lakini inapoza maji inapoyeyuka, kwa hiyo ukiianza na maji ya kisima ya asubuhi utaona inagoma.

Maji yanayoingia moja kwa moja kwenye mpira yasizidi gramu 1.5 kwa lita. Kilo 9 za SOP na kilo 1 ya magnesium sulphate ni kilo 10, yaani matangi 7 ya lita 1,000. Anza na maji matupu mpaka mipira ijae, weka mbolea katikati, malizia na maji matupu dakika 15 hadi 20. Ukimalizia na mbolea, chumvi inakaukia kwenye vitundu.

Maji yenyewe: ekari ya nyanya yenye matunda kwenye joto inataka milimita 4 hadi 5 kwa siku, yaani lita 16,000 hadi 20,000. Kwenye kichanga gawa mara mbili, asubuhi na alasiri. Bila hilo, kitako cheusi hakiondoki hata ununue kalsiamu ya lori zima.

---

Mama Bustani

Asante. Na busta ya potasiamu ya kupulizia majani? Dukani nimeambiwa inatosha.

---

MwanaUdongo

Haitoshi, na hesabu inaonyesha. Potassium nitrate gramu 10 kwa lita, lita 200 kwa ekari, ni kilo 2. Ina asilimia 46 ya K2O, hivyo umeweka kilo 0.9. Hitaji ni kilo 57. Ni kiraka cha kuvukia wiki mbili mizizi inapokuwa na shida. Ukipandisha kufikia gramu 20 kwa lita kwenye jua unaunguza kingo zile zile unazotaka kuziponya.

Magnesiamu kupulizia inafanya kazi vizuri zaidi, gramu 10 hadi 20 za magnesium sulphate kwa lita, jioni, mara mbili au tatu kila baada ya siku kumi. Kalsiamu ukiipulizia kwenye majani haihamii kwenye tunda, kwa hiyo lenga vichala vyenye matunda madogo, calcium nitrate gramu 5 kwa lita. Tunda lililokwisha kuwa na kitako cheusi liondoe, halirudi.

Vivyo hivyo jani lililoungua halirudi kijani. Usilitazame hilo. Funga uzi kwenye jani changa lililokomaa karibuni, rudi baada ya wiki mbili au tatu. Likibaki zima likiwa sasa ni la katikati, umepatia.

---

Bahari Kusi

Wa pwani tuna la kuongeza kuhusu MOP na SOP, maana bei zinatofautiana sana na watu wanachukua MOP bila kuuliza.

MOP ni kloridi ya potasiamu. Kwa makali ya chumvi, kwenye kipimo ambacho sodium nitrate ni 100, MOP ni 116 na SOP ni 46. Kwa hiyo MOP haikai karibu na mbegu wala mche mchanga, iweke kando sm 8 hadi 10 na uifukie. Maharage na parachichi hazipendi kloridi. Viazi mviringo vinapunguza ukavu wa ndani, muuza chipsi atakwambia vinanywa mafuta. Tumbaku ndiyo kabisa, kloridi inafanya jani lisishike moto vizuri, ndiyo sababu kule Tabora haitakiwi.

Minazi ni kinyume chake, inaitaka kloridi. Mnazi usiununulie SOP, unatupa hela.

Kisima chako kikiwa na maji ya munyu, MOP sahau kwa mboga zote. Na kwenye mchanga wetu potasiamu inashuka na maji ya masika, kwa hiyo gawa mara nne au tano badala ya mbili. Samadi na mboji hapa si anasa, ndivyo vinavyoushikia mchanga hiyo potasiamu.

---

Kibanja na Rweya

Mmesahau mgomba, ambao ndio mlaji mkuu wa potasiamu.

Kwenye mgomba dalili haziko ukingoni tu. Jani kuukuu linageuka njano ya machungwa kwa haraka, ncha inajikunja kwa ndani, kisha mshipa mkuu unavunjika na jani linaning'inia. Mkungu unakuwa mdogo, vidole vyembamba. Watu wanasema mnyauko. Pasua mgomba: mnyauko wa bakteria unatoa usaha wa njano, upungufu wa potasiamu haukupi kitu.

Ukanda wa Bukoba unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka na udongo wake umeoshwa. Kibanja (shamba la migomba la nyumbani) kilisimama miaka yote kwa sababu majani ya rweya (mbuga ya nyasi iliyo jirani) na samadi vilikuwa vinaletwa pale kila msimu. Majani yakikoma kuja na mikungu ikaendelea kwenda sokoni, potasiamu inaondoka kwa lori.

Ukilenga kilo 100 za potasiamu kwa hekta kwa mwaka, kwa migomba ya mita 3 kwa 3 (mashina 1,111), kila shina linapata gramu 90, ambazo ni gramu 180 za MOP. Gawa mbili: gramu 90 mvua za Machi zikishika, 90 mvua za Septemba zikishika. Zungushia duara nusu mita kutoka shina, fukia kidogo, rudisha matandazo. Usilundike kitako. Mgomba ukishavunwa, kata shina lake vipande uache pale pale, potasiamu nyingi imo humo.

---

Kirinyaga Moja

Watu wangu, na majivu? Huku tunayo bure. Na hii ya kuloweka maganda ya ndizi inayozunguka mitandaoni?

---

Jembe Halilali

Majivu ya kuni ni mbolea halisi ya potasiamu, ila pia ni chokaa. Yana K2O asilimia 3 hadi 7 kutegemea mti. Chukua 5: kilo moja ina gramu 50 za K2O, sawa na gramu 83 za MOP. Kwa udongo wenye tindikali, kama wa maeneo mengi ya chai na kahawa, unapata faida mbili. Kwa udongo wenye magadi usithubutu, utaficha chuma na zinki na majani machanga yatapauka. Yasiwe yamenyeshewa, kwa sababu potasiamu ndiyo inayotoka kwanza kwenye maji, unabaki na chokaa tu. Usichanganye na urea, DAP wala samadi mbichi. Ukisikia harufu kali puani, hiyo ni naitrojeni inaondoka.

Maganda ya ndizi yatupe kwenye mboji, basi. Nyama ya ndizi ina potasiamu kama miligramu 360 kwa gramu 100. Hata tukiyapendelea maganda tukasema yana mara mbili ya hiyo, kilo 47 za Mama Bustani zinataka zaidi ya tani 6 za maganda kwa ekari. Kwa chungu cha maua dirishani, sawa.

---

MwanaUdongo

Kabla ya msimu ujao pimeni udongo. Vituo vipo: TARI Mlingano kule Muheza na SUA Morogoro kwa Tanzania, KALRO Kabete kwa Kenya. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa kupindapinda shambani, kina sm 0 hadi 20, ruka kichuguu, zizi la zamani na pale palipochomwa mabua. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati inaongopea kipimo cha zinki. Punguza hadi nusu kilo, kausha kivulini, andika jina la kipande.

Majibu yakija, potasiamu inaandikwa kwa cmol/kg au ppm (miligramu kwa kilo ya udongo). Zidisha cmol kwa 391 upate ppm. Chini ya 0.2 cmol/kg, yaani ppm 78, mazao mengi yatajibu ukiweka. Isome sambamba na magnesiamu: magnesiamu ikiwa ndogo kuliko potasiamu kwa cmol, ukiongeza MOP unatafuta majani yenye unjano kati ya vishipa.

Mkitaka kupima jani la mgomba, ni jani la tatu kutoka juu, kipande cha katikati pande zote za mshipa. Chini ya asilimia 3 ya potasiamu kwenye jani kavu ni upungufu.

---

Mbozi Juu

Kwa mahindi ya DAP na urea miaka yote, nianze na MOP au niache mabua shambani?

---

Kibanja na Rweya

Mabua kwanza. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mhindi imo kwenye mabua, punje inaondoka na kidogo. Ukiyachoma, potasiamu inabaki kwenye majivu lakini naitrojeni na salfa zinaenda na moshi, na mvua ya kwanza ikiwa kubwa inayasomba majivu bondeni. Ukimlisha ng'ombe si vibaya, ila potasiamu nyingi inatoka kwenye mkojo, si kwenye kinyesi. Tandika mabaki ya mabua au pumba kwenye banda yanyonye mkojo, na hicho ndicho ukirudishe shambani, kikiwa kimefunikwa wakati wote kinaposubiri.